BIOS si mali ya kuokota



Ndugu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu wapenzi,

Leo tuache kidogo masuala ya saumu na mirathi. Nataka tuzungumze juu ya faili moja dogo la kompyuta, lenye kilobaiti 512 tu, ambalo limenitia aibu mbele ya mzazi mmoja hapa hapa Gahanga. Kosa lilikuwa langu, na nitalisema lilivyokuwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka 13 hivi, alinijia Jumamosi baada ya darasa akiwa na simu ya mama yake. Alikuwa ameweka programu ya kuchezea michezo ya PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu ambayo sisi tuliovuka miaka arobaini tuliijua vibandani, tukilipia kwa dakika na tukisukumana kwenye benchi. Programu ilifunguka vizuri, lakini kila alipogusa mchezo ilimwandikia kuwa faili la BIOS halipo. Akaniambia: "Ustadhi, wewe unajua kompyuta. Nifanyeje?" Nami, kwa haraka na kwa kupenda kuonekana najua, nikamjibu: "Tafuta tu mtandaoni, yako mengi." Basi, maneno matano!

Mtoto akatafuta. Akakuta kitufe kikubwa cha kijani, akakibonyeza, akashusha kilichoshuka, na kila simu ilipouliza "Je, unaruhusu?" akajibu ndiyo. Siku ya tatu mama yake akaja. Simu ilikuwa inafungua matangazo yenyewe, tena matangazo ya picha za uchi, katikati ya mwezi wa Ramadhani, mbele ya mama mkwe wake! Na simu hiyo hiyo ndiyo anayopokelea pesa za biashara yake ya vitenge. Ikabidi tufute kila kitu kilichomo. Pesa zilisalimika, alhamdulillah, lakini picha za arusi ya mdogo wake zilikwenda na hazitarudi.

Habari zikaenea, na hapo nikasikia kauli mbili ambazo ndizo zilizonifanya niandike.

Mwalimu mwenzangu mmoja alisema: haya magemu yote ni haramu, waambieni wazazi wayafute, kwisha. Kijana mmoja wa chuo, mtaalamu kweli kweli wa mambo haya, akasema: tatizo ni tovuti mbaya tu, angekuja kwangu ningempa BIOS yangu safi kwenye flashi, kila mtu anafanya hivyo. Kauli zote mbili sikubaliani nazo. Ile ya kwanza haina elimu ndani yake. Ya pili ina elimu nyingi, na ndiyo maana naiogopa zaidi.

Hebu kwanza tujue tunazungumzia kitu gani.

Mashine ya PlayStation, kama kompyuta yoyote, ikiwashwa inaamka haijui lolote. Ndani yake kuna chipu yenye maelekezo ya kwanza: amsha televisheni, onyesha ile alama na mlio tunaoukumbuka, kagua diski, soma memori kadi. Maelekezo hayo ndiyo BIOS. Tena kazi yake haiishi hapo, kwa sababu mchezo wenyewe ukiwa unaendelea huiita BIOS mara kwa mara na kuiambia nisomee hiki, nihifadhie kile. Sasa programu ya kuigiza mashine, inayoitwa emuleta, inaigiza vyuma vya PlayStation ndani ya simu au kompyuta. Vyuma inaweza kuviigiza, lakini yale maandishi ya ndani ya chipu yaliandikwa na watu wa Sony, na waandishi wa emuleta hawana ruhusa ya kuyagawa. Ndiyo maana wanakuachia folda tupu, iitwayo "bios" au "system", na wanakwambia: lete mwenyewe. Ile folda tupu iliachwa tupu kwa makusudi! Mtoto anaiona kama kasoro ya programu, nasi wakubwa tunamwelekeza akaijaze kwa chochote.

Huyu mwenzangu anayesema yote haramu namwomba ajue historia kidogo. Mwaka 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, iliyokuwa na BIOS yake. Compaq wakataka kutengeneza kompyuta itakayoendesha programu zile zile. Wangeweza kunakili, lakini hawakunakili. Waliweka watu wa kuchunguza BIOS ya IBM inafanya nini, na watu wengine ambao hawajaiona kabisa ndio wakaandika ya kwao kuanzia mstari wa kwanza. Mashine ikatangazwa mwaka 1982, na IBM hawakuwa na la kuwashitaki. Phoenix wakafuata njia hiyo hiyo mwaka 1984. Mwaka huo huo kampuni nyingine, Corona na Eagle, zilishitakiwa na IBM kwa kunakili, zikalazimika kuachana na BIOS ile. Kompyuta za bei nafuu zilizojaa leo maduka ya mjini Kigali, hata ile ninayoandikia makala hii, zinatokana na watu waliokubali kufanya kazi ndefu ya kuandika chao badala ya kuchukua cha mwenzao. Sasa kuigiza mashine kutakuwaje haramu?

Na kwa PlayStation yenyewe jambo hili lilifika mahakamani. Kampuni ya Connectix ilitoa mwaka 1999 programu ya kuchezea diski za PlayStation kwenye kompyuta za Macintosh. Sony wakashitaki. Tarehe 10 Februari 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, ile ya mkoa wa tisa, ikaamua kuwa Connectix walikuwa na haki ya kuichunguza BIOS ya Sony ili waandike ya kwao, kwa kuwa bidhaa waliyoiuza haikuwa na maandishi ya Sony ndani yake. Mwaka uliofuata Sony waliinunua programu hiyo na kuizima, lakini hukumu ilibaki. Na la kuchekesha zaidi: mwaka 2018 Sony walipouza kijimashine chao cha ukumbusho, PlayStation Classic, ndani yake waliweka emuleta ya PCSX ReARMed, iliyoandikwa na wapenzi wa michezo na kutolewa bure kwa leseni ya wazi! Basi mwenye mali mwenyewe anatumia emuleta. Ukimwambia mtoto kuwa emuleta ni haramu, na yeye anayajua haya, utakuwa umempoteza siku hiyo, na kesho ukimwambia jambo la kweli hatakusikiliza.

Nimemaliza na wa kwanza. Huyu wa pili ndiye mwenye maneno matamu.

Anasema faili liko mtandaoni wazi, mimi nimeliokota tu. Haya, wanafunzi wangu wa darasa la fiqhi mmesoma mlango wa luqata, yaani mali ya kuokota. Mtu akiokota kitu chenye thamani afanye nini? Anatangaza mwaka mzima akimtafuta mwenyewe. Yote hayo ni kwa kitu ambacho mwenyewe HAJULIKANI. Sasa chukueni faili la BIOS la PlayStation, lifungueni kwa programu ya kusomea maandishi, mpite katikati ya ile michoro isiyosomeka. Mtakuta limeandikwa wazi kuwa haki ni ya Sony Computer Entertainment. Ni kama kuokota pochi yenye kitambulisho ndani, jina na picha, kisha ukasema mwenyewe sijamwona.

Anasema tena: mashine zenyewe hazitengenezwi, Sony wameshaziacha. Ni kweli utengenezaji wa PlayStation ya kwanza ulikoma mwaka 2006, na wa PlayStation 2 mwaka 2013. Lakini tazameni hapa Gahanga kwetu. Ukitoka barabara ya Nyamata ukapanda juu, ukapita uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017, utaona viwanja vingi vimeota nyasi hadi kiunoni. Mwenye kiwanja yuko Ubelgiji, au Kampala, au hana pesa ya kujenga bado. Nani kati yetu atakwenda kuchimba msingi pale kwa hoja ya kuwa pameota nyasi? Tena hawa Sony hata nyasi hawajaziacha ziote. Nimekwisha kutaja kile kijimashine cha 2018, na hadi leo wanauza michezo ya PlayStation ya kwanza kwenye duka lao la mtandao.

Anasema tatu: hii ni sheria ya Wazungu na Wajapani, dini haijui hakimiliki. Hapa anakosea kabisa. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 5 kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, ilipitisha azimio namba 43 kuhusu haki zisizoshikika. Ilikubali kuwa jina la biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama zetu, na haijuzu kuzivamia. Ni miaka sita kabla PlayStation haijaingia madukani Japani. Na kwa upande wa nchi, Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1984, ikawa na sheria yake ya mali ya ubunifu mwaka 2009, na nyingine ikafuata mwaka 2024. Kwa hiyo asitudanganye kuwa ni mambo ya mbali.

Lakini hoja yake ninayoichukia zaidi ni ile ya "kila mtu anafanya." Na naichukia kwa sababu ni kweli. Sisi wenyewe tunafanya! Mwaka gani madrasa zetu zilirekodi kaswida, zikatoa kanda, baadaye diski, na wiki ya pili ziko kwenye kila duka la kunakili nyimbo, kwa bei ya diski tupu? Tulilalamika au hatukulalamika? Walimu walitoa faranga zao mifukoni kulipia studio, watoto walifanya mazoezi miezi, na aliyekula faida ni mwenye mashine ya kunakili. Siku zile tulijua vizuri sana kuwa kitu kisichoshikika kina mwenyewe. Kwa nini mwenyewe akiwa Tokyo tunasahau? Utasema Sony ni tajiri. Naam, ni tajiri sana, na faili moja la Gahanga halitampunguzia kitu. Mimi silii kwa ajili ya Sony. Namlilia yule kijana wa miaka 13, ambaye somo lake la kwanza la kompyuta kutoka kwa mwalimu wake wa dini lilikuwa kwamba kitu cha mtu ukikiona mtandaoni, chukua.

Na wafanyabiashara wa flashi nao wasijifiche. Kuna wanaouza mjini flashi na vijimashine vyenye "michezo elfu kadhaa", BIOS zote zimo, na mzazi ananunua akidhani ni bidhaa halali kama kikokotoo. Hakuna mwenye maduka hayo aliyepewa ruhusa na wenye michezo hiyo. Huko nje wakubwa zao wameshaangushwa: mwaka 2018 Nintendo walipata hukumu ya zaidi ya dola milioni 12 dhidi ya wenye tovuti za LoveROMs na LoveRETRO, na tovuti ya Emuparadise ikaondoa michezo yake yenyewe mwaka huo huo kabla hayajaifika. Mwaka 2024 watengenezaji wa emuleta ya Yuzu walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga. Huyo wa mwisho alikuwa mwandishi wa emuleta, nakubali, lakini ugomvi wake na Nintendo ulihusu zile funguo za siri za kufungulia michezo, ambazo nazo ni kitu cha ndani ya mashine ya watu.

SASA TUFANYE NINI?

Swali la kwanza kabisa mzazi amuulize mwanawe: mashine unayoigiza inahitaji BIOS kweli? Mara nyingi jibu ni hapana. Nintendo ya zamani, Super Nintendo na Sega Mega Drive hazihitaji kabisa, na anayekupa "BIOS ya Super Nintendo" anakudanganya, huenda amekuwekea kitu kingine. Game Boy Advance inayo, ya kilobaiti 16, lakini emuleta kama mGBA imeandika ya kwake na inafanya kazi bila ile ya Nintendo.

Kwa PlayStation ya kwanza kuna njia ya halali ambayo vijana wengi wanaipita bila kuiona. Ile ile PCSX ReARMed ina BIOS yake ya kuigiza ndani, na mradi wa PCSX-Redux umeandika BIOS kamili, OpenBIOS, na kuigawa bure pamoja na maandishi yake yote. Ni kazi ya aina ile ya Compaq, na waandishi wake hawadai hata senti. Je, michezo yote itakwenda? Hapana, michache itagoma au memori kadi italeta shida. Kijana mmoja aliniambia "Ustadhi, ile ya bure haionyeshi ile alama ya mwanzo na mlio wake." Subhanallah, kwa ajili ya mlio tu!

Mwenye PlayStation 2 nyumbani, hata kama jicho lake la kusomea diski limekufa, ana BIOS yake mwenyewe mle ndani, aliyoinunua pamoja na mashine. Emuleta ya PCSX2 inamtaka aitoe mle, na kazi yenyewe ni ya jioni moja. Unatafuta memori kadi iliyowekwa Free McBoot, unaandaa flashi ya mfumo wa FAT32, unaweka humo programu iitwayo biosdrain, unawasha mashine, unaiendesha, na inakunakilia kila kitu kwenye flashi. Faili kubwa litakuwa la megabaiti 4. Geuza mashine kwanza usome namba chini yake, maana baadhi ya zile za mwisho kabisa, za SCPH-90000, hukataa njia hiyo ya memori kadi. PlayStation ya kwanza ni ngumu zaidi, inataka waya maalumu wa kuiunganisha na kompyuta kwenye tundu la nyuma, na mimi sikuhangaika nayo kwa kuwa ile ya bure imenitosha. Kuhusu PlayStation 3, Sony wenyewe wanaweka programu ya mfumo wake kwenye tovuti yao rasmi, na emuleta ya RPCS3 inaelekeza watu wake waende kuichukua huko huko kwa mwenyewe.

Ukishaipata yako, mambo mawili yanawatesa watu. La kwanza ni jina. Emuleta nyingine zinataka jina kamili, kwa mfano scph5501.bin kwa herufi ndogo, na kwenye kompyuta ya Linux herufi kubwa moja tu inatosha kukwamisha. La pili ni ukubwa. BIOS ya PlayStation ya kwanza ni baiti 524,288, haizidi wala haipungui. Kukiwa na pungufu, unakili tena. Na BIOS yenyewe ni data tu, haijiinstoli. Ukiona "BIOS" inayoomba kuinstoliwa kwenye simu, inayoomba kusoma ujumbe wako na kuonyesha vitu juu ya programu nyingine, hiyo ndiyo iliyomkuta mama wa watu mbele ya mkwe wake.

Kuna atakayeuliza: na michezo yenyewe je? Ni hoja ile ile, siirudii. Diski uliyonayo ni yako, nakili utumie. Usiyonayo, ina mwenyewe. Na iko michezo ambayo wenyewe wameigawa, kama Cave Story, ambayo Mjapani Daisuke Amaya aliitengeneza peke yake kwa miaka mingi kisha akaitoa bure mwaka 2004. Mwanangu ameimaliza mara mbili, na mimi nimekwama katikati hadi leo.

Yule kijana wa chuo nimemwomba asimamie kazi hii pamoja nami, na amekubali, ingawa alinung'unika kidogo kuhusu ile flashi yake "safi". Jumamosi ijayo baada ya swala ya Alasiri tutakuwa kwenye chumba cha nyuma cha madrasa. Mwenye PlayStation 2 iliyolala juu ya kabati ailete, pamoja na waya wake wa umeme na memori kadi. Flashi mbili ninazo, na televisheni ya zamani tumeazima. Watoto waje na mzazi mmoja. Yule mama amesema atakuja, ila simu yake ataiacha nyumbani.

Wassalaam alaykum warahmatullah.

Mwalimu wenu wa madrasa, Gahanga